Mkebe wa Dawa wa Mama Wangari

Siku mliyoniaga pale kliniki mliniomba niseme machache, nikasema machache kweli, nikaketi nikala keki. Baadaye mmoja wenu, yule anayetembea kila siku kana kwamba anakimbizwa, alinifuata hadi getini akaniambia, "Sista, si ungetuachia kitu? Hata kama ni maneno tu." Sasa nimekaa hapa mtaani Jericho majuma kadhaa nikipiga pasi nguo ambazo hazina mikunjo, nikaona afadhali niandike. Vyeo sitaviandika maana vilikuwa vichache, na mshahara sitautaja maana mnaujua. Nitaandika juu ya dawa za kuua vijidudu, hizi tunazoziita antibiotiki, kwa sababu zilinisumbua kuliko ugonjwa wowote niliowahi kuukuta.

Nilianza kazi mtaa wa Majengo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika kliniki ndogo iliyotazama upande wa soko la Gikomba. Siku ya kwanza nilifika na sare niliyoipiga wanga hadi ikaweza kusimama bila mimi. Aliyetupokea alikuwa Sista Perpetua, muuguzi mkuu, mama mrefu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Umependeza. Sasa njoo uchemshe sindano."

Sindano za enzi zile zilikuwa za kioo, na ncha zake za chuma zilitumika tena na tena. Jioni tulizinoa kwenye kijiwe, kisha tukazipitisha kwenye pamba ili kuona kama zinashika, kwa maana ncha inayonasa kwenye pamba itanasa kwenye ngozi ya mtu. Asubuhi tulizichemsha, na chumba kikajaa mvuke hadi kofia zikalegea. Ninyi mnaorarua karatasi mkatoa sindano mpya, mkidunga mnaitupa, nilijiahidi nisiwaonee wivu, lakini nimeshindwa.

Mtihani wa kila muuguzi mpya ulikuwa ile penisilini nzito inayofanana na maziwa, ambayo mgonjwa akidungwa mara moja inakaa mwilini majuma kadhaa. Ukiisha kuichanganya na maji halafu ukasimama kuongea, inaganda ndani ya ncha, na mgonjwa ameshalala kifudifudi na suruali ameshusha. Sista Perpetua alinifundisha nipange kila kitu kwanza, mgonjwa awe amelala, pamba iwe mkononi, ndipo nichanganye, nitikise, nivute na nidunge kwa mwendo mmoja. "Hadithi baadaye," alikuwa akiniambia, nami mpaka leo siwezi kuongea nikiwa na sindano mkononi.

Kingine alichonipa ni swali. Sisi wageni tulikuwa tukimuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Yeye alianza na, "Umeshameza nini?" Alikuwa akiliuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgeni amekunywa chai au bado. Mgonjwa akamwambia kila kitu, hata mambo ambayo mimi yalinifanya nishike kichwa. Siku moja nikamuuliza kwa nini hawagombezi. Akasema, "Ukimgombeza leo, kesho atakwambia hajameza kitu, na utamtibu bila kujua unachotibu."

Majibu ya swali hilo pale Majengo yalikuwa shule tosha. Wakati ule tetrasaiklini ilikuwa imeenea mtaani, ile kapsuli ya rangi mbili, na jina lake la mtaani lilikuwa hilohilo, rangi mbili. Wachuuzi wa Gikomba waliiuza moja moja kama peremende. Watu waliimeza kwa tumbo, kwa kikohozi, kwa jino, kwa uchovu wa pombe ya Jumamosi. Mwenye kidonda aliifungua akanyunyizia unga juu ya kidonda. Akina mama waliwapa watoto wachanga, na leo kuna watu wazima katika mitaa hii ya Eastlands ambao meno yao yana rangi ya chai kwa sababu hiyo.

Namkumbuka kijana mmoja mbeba mizigo wa Gikomba, mabega mapana, pua inachuruzika.

"Sasa sista. Nidunge moja ya nguvu nirudi job."

"Una nini?"

"Si unaona? Mafua. Na kichwa inagonga."

"Umeshameza nini?"

"Rangi mbili. Moja jana, ingine leo asubuhi. Haishiki."

Nikamweleza kwamba haishiki kwa sababu mafua huletwa na virusi, na dawa hii haina habari na virusi. Inaua vijidudu vya aina nyingine, vile vinavyoleta usaha na nimonia. Kumeza rangi mbili kwa mafua ni sawa na kumwaga dawa ya mende ili kufukuza panya. Kijana alinisikiliza vizuri sana, kisha akamgeukia Sista Perpetua akamuuliza kama kuna sista mwingine. Sista Perpetua akampa aspirini, akamwambia anywe maji kwa wingi, alale mapema, na kama kifua kitaanza kumbana au apumue kwa shida arudi siku hiyohiyo. Alitoka akisema tumesoma bure. Juma lililofuata alipita dirishani mzima kabisa, akatangaza kwa sauti kwamba ametibiwa vizuri na mtu wa dukani.

Kwa hiyo jueni tangu mapema kwamba kazi hii haina shukrani kwa dawa ambayo hukuitoa. Mtu unayemdunga bila sababu atakusifu mtaa mzima. Unayemnyima kwa faida yake atakusema vibaya hadi harusini.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Dandora, wakati mtaa wenyewe bado unajengwa. Watu walikuwa wamegawiwa ploti zenye choo na bomba tu, vyumba wajijengee. Mwenye ploti alikaa katika chumba kimoja na vingine akavipangisha. Kwa hiyo ukiingia getini ulikuta milango imetazamana, kamba za nguo katikati, bomba moja, choo kimoja. Asubuhi za baridi moshi wa jalala la jirani ulishuka mpaka ukaukuta kwenye chai. Mimi niliupenda mtaa ule. Watu walikuwa na haraka ya kuwa majirani.

Asubuhi moja akaja mama mmoja Mkamba, amembeba mgongoni binti mkubwa wa kutembea, wa miaka tisa au kumi hivi. Mama mwenyewe aliitwa Mama Mueni, mumewe alikuwa dreva wa lori la kwenda Mombasa, na huyo mgongoni ndiye Mueni. Goti la kulia lilikuwa limevimba na lina moto. Mama yake akaniambia kwamba juzi lilikuwa goti la kushoto, na kabla ya hapo kifundo cha mguu. Maumivu yalikuwa yanahama.

Mnaosoma haya mkiwa kazini mmeshaanza kukunja uso, nami nilikunja. Nikauliza lile swali.

"Umeshampa nini?"

"Kwa miguu? Sijampa kitu. Nimempaka mafuta."

"Na kabla ya miguu? Hajaugua koo?"

Akafikiri. "Koo liliuma, eh. Kitambo kidogo, kama wiki mbili, tatu. Hata mate hakuwa anameza. Lakini hiyo iliisha, sista. Mama Wangari, mwenye ploti yetu, alimpea dawa."

"Dawa gani?"

"Ya mkebe. Rangi mbili. Akameza mbili, akalala, akaamka sawa. Akaenda shule."

Nikachukua chombo cha kusikilizia kifua nikakiweka juu ya moyo wa Mueni. Ulikuwa unapiga mbio ingawa mtoto amelala, na kila pigo lilifuatwa na mvumo mwembamba, kama hewa inayopita chini ya mlango.  Nilikuwa nimejifunza habari hiyo chuoni, na Sista Perpetua alikuwa amenisikilizisha mara moja Majengo, kwa hiyo nilijua ninachosikia. Kuna vijidudu vya koo ambavyo visipouawa kabisa, mwili huamka kupigana navyo na kwa makosa unapiga viungo vyake wenyewe. Magoti hupona. Moyo unaweza usipone.

Siku ileile walikwenda hospitali kubwa, na Mueni akalazwa. Daktari wa kule alithibitisha. Aliporudi nyumbani magoti yalikuwa mazima, lakini ule mvumo ulikuwepo bado, na daktari alikuwa ameeleza wazi kilichobaki. Koo likimshika tena namna ile, moyo utaumia zaidi, na likimshika mara ya tatu pengine asipone. Kwa hiyo adungwe ile penisilini nzito kila baada ya majuma manne, awe mgonjwa au asiwe mgonjwa, mpaka awe mtu mzima. Na kazi hiyo ikaja kwangu.

Kabla ya kumdunga hata mara ya pili nilitaka kuuona huo mkebe. Nilikwenda mchana mmoja baada ya kazi, nikiwa na hasira zangu nimezifunga vizuri. Nilidhani nitakuta duka la uchochoroni. Nilimkuta mama mmoja mnene, mjane, kitambaa kichwani, anapepeta maharagwe uani. Mama Wangari alikuwa mfanyabiashara wa nafaka Gikomba, na ploti ile aliijenga gunia kwa gunia. Alinipa kigoda kabla sijasema jina langu, na chai kabla sijasema shida yangu.

Mkebe alinionyesha mwenyewe, kwa fahari. Ulikuwa mkebe wa biskuti wenye maua kwenye kifuniko.

"Hapa kwangu hakuna mtu analala na maumivu, sista. Mtu akienda hospitali akipona, zile zinabaki analeta. Mwingine akiugua, zinamngoja. Siuzii mtu. Mungu anaona."

Hasira zikanitoka zote. Mkebe ule ulikuwa wema mtupu. Wapangaji wale, wengine wametoka Murang'a, wengine Machakos, hawakuwa na ndugu hapa mjini, na huyu mama aliwawekea kitu cha pamoja jinsi kijijini watu wanavyowekeana kuni. Tena niliona ni nani aliyeujaza. Kila kapsuli mle ndani ilikuwa ya mtu aliyepata nafuu akaacha dawa njiani, halafu akajiona mwungwana kwa kumwachia jirani.

Nikamwaga vilivyokuwemo juu ya ungo. Rangi mbili zilikuwa nyingi, nyingine zimeshikana kwa uzee. Kulikuwa na vidonge vya minyoo, vya presha, vya malaria, na vidonge vidogo vya kupanga uzazi ambavyo, nilivyoambiwa, fundi seremala wa chumba cha mwisho alikuwa amevimeza kwa ajili ya jino. Nikamuuliza Mama Wangari kama jino lilipona. Akasema lilipona. Tulicheka wote wawili mpaka chai ikamwagika, na hapo nikaona naweza kusema.

Akina mama wengine walikuwa wamesogea. Nikawaeleza kwa mifano ya shamba, kwa kuwa wengi wetu tulizaliwa shambani. Nikawauliza, ukipalilia mahindi ukakata majani ya thangari ukaacha mizizi, itakuwaje? Wakajibu kwa pamoja kwamba itaota tena, maana thangari ni nyasi inayomkosesha mkulima usingizi. Nikawaambia dawa ya siku mbili inakata majani. Vijidudu dhaifu vinakufa kwanza, mtu anajisikia mzima, na vile vigumu vinabaki vikizaana. Ukiviletea dawa ileile tena, vinaicheka. Nikawaambia pia kwamba kila dawa ina ugonjwa wake, kwamba rangi mbili haifai kwa koo wala kwa mtoto mdogo, na kwamba iliyozeeka inaweza kuumiza figo. Na dozi ukipewa uimalize, hata kama siku ya tatu umeamka unaimba. Ukiimaliza, hakutakuwa na cha kuweka kwenye mkebe.

Niliongea juu ya koo, viungo na moyo, na jina la Mueni sikulitaja. Niliogopa. Mama Wangari alikuwa amekaa mbele yangu na ungo magotini, na mtoto aliyeumia alikuwa anachora chini kwa kijiti hatua chache kutoka kwake. Kama ningesema mbele ya watu kwamba ni mkebe huu, mama huyu angeinamisha kichwa mpaka leo, na familia mbili zilizokuwa zinashirikiana bomba moja zingeanza kupitana kimya. Mama Mueni mwenyewe hakuwa amemlaumu mtu. Mama Wangari alinisikiliza bila kuuliza swali hata moja. Nilipomaliza alizifunga dawa zote kwenye gazeti, akanipa niende nikaziharibu. Mkebe akabaki nao. Nilipopita tena baadaye nilikuta ameutia vifungo na nyuzi.

Sasa nije kwenye sindano zenyewe. Kumtibu mgonjwa ni rahisi. Kumdunga mtoto ambaye si mgonjwa, kila majuma manne, miaka nenda miaka rudi, hiyo ni kazi. Mueni alikuja mara ya kwanza na ya pili. Safari ya tatu hakuonekana. Nilipomfuata Mama Mueni nyumbani nilimkuta na ndoo na fagio, amejifunga leso kiunoni.

"Sista, mtoto anacheza mpira wa kati na wenzake, anakula, anaimba kanisani. Sasa nimtoboe ya nini?" Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Tena wiki hii ni zamu yetu ya choo. Mara zile mbili jirani alinioshea, sasa amekataa. Maji yanakuja asubuhi tu. Nikienda kupanga foleni kwako, choo hakioshwi, na Mama Wangari unamjua."

Nilimjua. Mtaa wote ulimjua. Wapangaji wake walikuwa familia nne, na kila familia ilikuwa na juma lake la kuosha choo. Zamu ile haikuwahi kuruka, hata kwa msiba. Yeye mwenyewe hakuwemo, maana mwenye ploti haoshi choo cha wapangaji, na hakuna aliyewahi kufikiri tofauti. Papo hapo nikatambua jambo lingine. Familia nne, majuma manne. Zamu ya choo ya akina Mueni ilikuwa inaangukia juma lilelile la sindano, na ingeendelea hivyo daima. Nikaona hapo ndipo mtoto atakapopotelea, kwenye ndoo ya maji.

Nikaenda mlango wa Mama Wangari nikamweleza shida ya zamu. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza. Hakunipa nafasi.

"Waende," akasema. "Choo nitaosha mimi."

"Mwezi huu tu, Mama Wangari, halafu tutafute njia."

"Nimesema nitaosha mimi. Juma lao lote. Huyo msichana aende sindano."

Nikashukuru nikaondoka, nikidhani ni moyo wa siku moja. Majuma manne baadaye asubuhi nikamwona Mueni kwenye benchi, na aliyemleta ni Mama Wangari, mikono inanuka dawa ya kufulia. Na baada ya majuma manne mengine. Nikazoea kwamba nikimwona mama yule mnene anaingia getini, nianze kuandaa ile ya maziwa. Alikuwa akimwekea Mueni mkono begani wakati namdunga, na kumwambia, "Maliza dozi, maliza dozi," kana kwamba ni wimbo wa kumlaza mtoto.

Mtaani walimcheka. Mwenye ploti, mwenye magunia Gikomba, ameinama na fagio anasugua choo cha familia ya dreva. Wapangaji wengine walimuuliza kama na zao ataosha, akawajibu kwamba wakimletea sindano ataosha. Mimi pia nilicheka, nikafikiri ni namna yake ya kumhonga mtoto aende. Mkebe ulipokwisha dawa, watu waliendelea kumwendea wakiugua, lakini sasa aliwatolea swali langu. "Umeshameza nini?" Kisha anawaongoza mpaka kliniki kama kondoo. Kuna asubuhi nilizotoka nje nikakuta foleni nzima ni ya ploti moja, na nikalaani mafanikio yangu.

Miaka ya themanini ikaingia. Mueni akawa msichana mrefu. Katika miaka ya mwisho ya shule alikataa kabisa, akasema yeye si mgonjwa na wenzake wanamcheka kwa kuchechemea baada ya sindano. Mama yake akashindwa, baba yake akafoka akaondoka na lori. Mama Wangari hakufoka. Walivyonisimulia, alisimama mlangoni mwa choo na fagio mkononi akamwambia, "Mimi nimeshaosha. Sasa wewe fanya yako." Mueni alikuja amenuna, akalala kitandani bila kunisalimia, akadungwa. Hakukosa tena.

Ule mvumo nilikuwa nausikiliza kila mara. Kwanza nilijiambia ni masikio yangu yanazeeka. Lakini mwaka baada ya mwaka ulizidi kufifia, na siku moja niliutafuta nikaukosa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya kliniki kidogo, nikalia, nikanawa uso nikarudi. Daktari wa hospitali kubwa alipompima akasema vilevile, na Mueni alipotimiza umri wa utu uzima akaniletea ujumbe wa daktari huyo. Sindano moja ya mwisho, basi.

Ilikuwa majuma machache kabla ya mimi kuacha kazi. Mueni alikuwa ameshaanza kazi ya ukarani Industrial Area, lakini alikuja na Mama Wangari kama kawaida, safari hii yeye ndiye aliyemshika mama mkono, maana magoti ya Mama Wangari yalikuwa yamechoka. Nilimdunga. Akavaa viatu, akanikumbatia, akaenda nje kumtafutia mama kinywaji baridi. Tukabaki wawili.

Mama Wangari akaketi kando ya meza yangu.

"Sista, sasa imeisha. Nikuulize kitu, na usinifiche. Ilikuwa mkebe wangu?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelitunza tangu siku ile ya chai, nikiomba nisiulizwe. Lakini alikuwa ameuliza waziwazi, na mtu anayeuliza hivyo hadanganywi.

"Kapsuli zako hazikumwumiza," nikamwambia. "Ila zilimtuliza, mama yake akaona amepona, hawakuja. Kama wasingepata mkebe, sijui kama wangekuja. Lakini waliupata, na hawakuja."

Akatikisa kichwa polepole, kukubali.

"Nilijua," akasema. "Nilijua siku ileile ulikuja nyumbani. Uliongea koo, ukaongea magoti, ukaongea moyo, na mtoto mwenyewe amekaa pale, na jina lake ukaliruka. Nikasema, huyu sista ananionea huruma. Unafikiri mwenye ploti anaosha choo cha wapangaji miaka hiyo yote kwa sababu anapenda maji?"

 Niliushika mkono wake, ule mkono mgumu wenye harufu ya dawa ya kufulia, na machozi yakanishuka mbele ya mtu kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote. Mueni akarudi na soda, akatuangalia akauliza kuna nini. Mama Wangari akajishikilia kwenye meza yangu akainuka, akajifunga kitambaa vizuri.

"Hakuna kitu. Twende nyumbani, hii wiki ni zamu yenu na choo hakijaoshwa," akamwambia. "Leo utaosha mwenyewe. Mimi dozi yangu nimemaliza."